Nani Alishika Shoka?

Naomba nianze na riwaya ambayo hamjaisoma, na kwa jinsi ilivyo sasa afadhali msiisome. Ni yangu. Ina kurasa 142 za daftari kubwa, nimeiandika kwa kalamu ya bluu nikaisahihisha kwa nyekundu, na jina lake nimeshalibadilisha mara tatu. Inahusu mwaka 1974, mwaka ambao watu wa kwetu walihamishwa kutoka kwenye miji yao ya zamani wakapangwa vijijini kwa mstari. Mimi sikuwepo. Nimezaliwa miaka mingi baadaye, nikasoma hapa Musoma mpaka kidato cha nne, matokeo yakaja kama yalivyokuja, na tangu hapo mchana nauza dukani kwa mjomba pale Nyasho na usiku naandika.

Mwezi uliopita nilifunga safari kwenda Bunda, nikapanda gari jingine la kuelekea Nyamuswa, kwa bibi yangu mzaa baba. Daftari lilikuwa kwenye mfuko. Baada ya shikamoo na chai nikamwambia nimeandika kitabu na yeye yumo. Akaweka ungo wa choroko mapajani, akasema haya, soma. Nikamsomea sura ya tatu, ambayo kusema kweli ndiyo niliyokuwa naionea fahari. Redio inatangaza. Lori la mgambo linafika. Babu anasimama mlangoni, mikono ameitanua, anasema haondoki katika ardhi ya baba zake hata wamwue. Upepo unavuma. Upepo ule peke yake una karibu nusu ukurasa.

Bibi alisikiliza huku anachambua choroko. Nilipomaliza akacheka.

"Mume wangu," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mtoto, "huyo mzee uliyemwandika ni wa wapi?"

"Si ni babu, bibi."

"Babu yako hakusimama mlangoni. Babu yako ndiye alishika shoka."

Kwa bibi nitarudi. Kwanza niseme kilichonifanya nimwombe mhariri nafasi hii. Tangu siku ile nasoma riwaya zetu nikiwa na swali hilo moja kichwani: nani alishika shoka? Nimeona kwamba kuna vitabu vinavyolijibu na kuna vitabu vinavyolikimbia, na kwamba sisi chipukizi karibu wote tuko kwenye kundi la wanaokimbia.

Kikundi chetu tuko sita. Tunakutana Jumamosi jioni karibu na ziwa, upande wa Mwigobero, tunasomeana, tunanunua sato mmoja wa kukaanga tunagawana, tunagombana, tunarudi nyumbani. Kati yetu sita, watatu tunaandika juu ya matukio makubwa ya nchi. Mimi 1974. Mwenzangu mmoja Vita vya Kagera. Mwingine kifo cha Mwalimu. Nimezihesabu redio: miswada mitatu, redio tatu. Tukio linafika kwa tangazo, mhusika mkuu yuko chini ya mti au yuko kwenye kahawa, watu wanapigwa na butwaa, kisha tunapewa tarehe. Baada ya hapo mhusika anaanza kupelekwa na tukio kama kipande cha ubao ziwani. Yeye hafanyi kitu. Anafanyiwa tu. Ni mwema kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, na mbaya ni "serikali", au "mkoloni", au "adui", mtu asiye na uso wala miguu wala mke.

Angalieni Kiswahili chenyewe kinavyotusaidia kukwepa. Nyumba zilibomolewa. Watu walihamishwa. Ng'ombe walichukuliwa. Ile "w" ndogo katikati ya kitenzi imebeba dhambi za watu wengi sana. Shuleni tulifundishwa kuiita kauli ya kutendwa, tukaambiwa tubadilishe sentensi kumi kutoka kauli ya kutenda, tukapata kumi kwa kumi. Hakuna aliyetuambia kwamba ukishabadilisha, mtenda anaweza kutoka nje ya sentensi akaenda zake na hakuna atakayemtafuta. Nimepekua daftari langu: katika sura ya tatu peke yake kuna vitenzi 31 vya namna hiyo, na vyenye "na fulani" nyuma yake ni vinne. Vyote vinne vinasema "na askari".

Huyu mwenzetu wa Vita vya Kagera tumemsema sana, masikini, na mimi ndiye niliyemsema zaidi kabla bibi hajanitia adabu. Tarehe zake ni sahihi zote. Majeshi ya Amin yanaingia mwishoni mwa Oktoba 1978, daraja la Kyaka linavunjwa, Mwalimu anahutubia, kijana wetu anajiandikisha, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala inaanguka. Yumo na Jenerali David Musuguri, mzaliwa wa Butiama, aliyeongoza Divisheni ya 20 (amefariki Oktoba 2024, na tulimwambia mwenzetu aandike upesi kabla kila mtu hajaandika). Mwalimu wa historia angempa alama zote. Lakini yule kijana wa kwenye kitabu hana njaa, haogopi, hamwachii mtu shamba. Nikamwuliza: wakati anapigana, pamba ya kwao nani anapalilia? Hakuwa na jibu. Nikamwambia kuna ndege ya Libya iliyotumwa kupiga Mwanza mwezi Machi 1979, ikakosa mji, na walioangukiwa na mabomu ni wanyama wa Kisiwa cha Saanane. Hiyo haimo kwa sababu haifanani na ushindi. Wala haimo ile miezi 18 ya kufunga mkanda tuliyoombwa baada ya vita. Ukimwuliza mzee yeyote wa mtaani kwetu habari za vita hiyo, dakika tano haziishi ameshafika kwenye foleni ya sabuni. Vita ilivyoonekana Musoma ni ile foleni, na nani alipitishwa mlango wa nyuma wa duka, na nani alikuwa na funguo.

Nitoe na mfano wa pili ulio karibu na pua zetu. Kuna azimio lenye jina la mji huu. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa hapa Musoma ikaamua kwamba kufikia 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani, na kwamba anayemaliza kidato cha sita aende kwanza JKT na kazini kabla ya kuonekana Chuo Kikuu. Walimu wa kuwafundisha watoto wote hao walitoka wapi? Walichukuliwa vijana wengi waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa ualimu papo kwa papo huku wanafundisha. UPE, watu wakaigeuza, wakasema ni Ualimu Pasipo Elimu. Baba yangu aliingia darasa la kwanza wakati huo. Anasema mwalimu wake alikuwa na viatu pair moja, na siku za mvua alikuwa anavibeba mkononi. Hebu fikiria kijana wa miaka kumi na saba, elimu yake darasa la saba, mbele yake watoto 70, na hesabu ya kesho hajaielewa mwenyewe. Kuna riwaya nzima pale. Yeye hakutendwa na Azimio la Musoma, yeye ndiye alikuwa Azimio la Musoma, limesimama mbele ya ubao na chaki. Sisi tunaoishi mji huu tumelipita kila siku tukienda kutafuta matukio ya mbali.

Wakubwa wetu je? Sitaki kuwasema wote kwa mkupuo mmoja.

Kasri ya Mwinyi Fuad ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka 1978, inahusu Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964. Mtu mwingine angeanza na bunduki. Shafi anatuingiza kwa Kijakazi, mtumishi anayeamka gizani kumhudumia Fuad, anatukanwa, anapigwa, na bado moyo wake umo ndani ya kasri lile. Mapinduzi yanapofika, yeye siye wa kwanza kushangilia. Nilipokisoma kidato cha tatu nilimkasirikia, nikaandika kwenye mtihani kwamba ni mhusika asiye na mwamko. Nilipata alama nzuri. Sasa naona nilikuwa mjinga mwenye alama nzuri. Kijakazi ndiye anayefanya kitabu kile kisife pamoja na sherehe zake. Bila yeye mapinduzi yangekuwa tarehe tu. Kwa sababu yake tunajua kwamba bwana hakuwa anasimama kwa nguvu zake mwenyewe: kila asubuhi kulikuwa na mikono iliyomsimamisha, na mikono ile ilikuwa ya watu walewale aliowakandamiza.

Kuli, ya mwandishi huyohuyo, mwaka uliofuata, naipenda kwa nusu yake ya kwanza. Kifo cha Majaliwa bandarini, na mwanawe Rashidi anayeingia kazi ileile iliyomwua baba, pale unasikia uzito wa gunia. Tukikaribia mgomo wa 1948, watu wanaanza kuzungumza kama wako kwenye mkutano hata wakiwa nyumbani. Hapo napiga miayo kidogo, na mzee anisamehe.

Lakini kwa mwaka wangu wa 1974 mwalimu wangu ni jirani. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe. Ukitoka Bunda unashuka mpaka Kisorya, unapanda kivuko, ukifika Rugezi umeshaingia nchi yake. Gamba la Nyoka ilitoka 1979, vidonda bado vibichi. Agizo la kwamba kuishi vijijini ni amri lilikuwa limetolewa Novemba 1973, na wote walitakiwa wawe wamehamia kufikia mwisho wa 1976. Mwaka 1973 waliohesabiwa vijijini nchi nzima walikuwa kama milioni 2. Kufikia 1977 walikuwa zaidi ya milioni 13. Kezilahabi hakusubiri hali ipoe. Na uzuri wake ni kwamba waleta mabadiliko hawatoki hewani. Mambosasa na Mamboleo ni vijana wa palepale, wasomi, watoto wa wanakijiji. Watu wa Kisole na Bucho wanawajua mpaka mama zao. Nyoka akivua gamba ni nyoka yuleyule, na hilo ndilo linalouma katika jina la kitabu: kwamba aliyekuja kukubadilisha unamfahamu, na yeye mwenyewe hajabadilika. Wapo wanaosema Kezilahabi alikuwa mwandishi wa kukata tamaa. Mimi nilicheka sana kwenye kitabu kile, na mtu aliyekata tamaa hachekeshi hivyo. Ninalomlaumu ni moja tu. Msomi anapozungumza, Kezilahabi anakaa naye kwa raha, anamsikiliza. Bibi kizee anapozungumza, anamwacha mapema.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, na sababu mtaiona. Mmoja wetu ni mgonjwa wa tamthilia za Kikorea, zile zilizotiwa sauti za Kiswahili. Sisi wengine tulikuwa tunamcheka. Korea tuliijua kwa wafalme wenye mapanga na wapenzi wanaolia mvuani. Mwaka 2024 mwandishi wa kule, Han Kang, alipopata Nobeli, miaka mitatu baada ya Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar kuipata, huyu jamaa akatuletea riwaya yake kwenye simu, kwa Kiingereza. Inaitwa Human Acts, nasi tukaiita Waliyoyatenda Watu. Nimeisoma wiki tano, kamusi pembeni.

Kwa asiyejua: rais wa Korea Kusini, Park Chung-hee, alipigwa risasi Oktoba 1979 na mkuu wa usalama wake mwenyewe wakiwa kwenye chakula cha jioni. (Ni Park huyu aliyeanzisha mwaka 1970 Harakati ya Kijiji Kipya. Kule hawakuhamisha watu: kila kijiji kilipewa mifuko 335 ya saruji wajipange wenyewe, na paa za nyasi zikaanza kuondoka. Nasikitika hatukuwahi kusomeshwa vijiji vyao na vyetu kwenye meza moja.) Baada ya Park akaingia jenerali mwingine, Chun Doo-hwan. Mei 1980 watu wa mji wa Gwangju walipoandamana, askari wakawapiga risasi. Kwa miaka mingi lilikuwa jambo la kunong'onwa. Uchaguzi wa wazi wa rais ulirudi 1987 baada ya watu kujaa barabarani. Chun alihukumiwa 1996, akasamehewa 1997, akafa 2021 bila kuomba radhi.

Han Kang naye hakuwepo. Alikuwa na miaka tisa, na familia yake ilikuwa imeshahama Gwangju kwenda Seoul miezi michache kabla. Hili lilinipa moyo, maana mimi nilidhani kutokuwepo ndiyo kisingizio changu. Kitabu chake hakianzi na redio. Kinaanza na mtoto wa shule, Dong-ho, anayesaidia kupanga maiti ukumbini, anaandika, anawasha mishumaa kwa sababu ya harufu. Anauliza swali la kitoto: kwa nini hawa wanafunikwa bendera na kuimbiwa wimbo wa taifa, wakati waliowaua ni askari wa taifa hilohilo? Msomaji wa haraka atasema huyu ndiye shujaa mwema. Tulia. Polepole tunagundua kwamba alikuwa na rafiki yake kwenye maandamano, risasi zikalia, rafiki akaanguka, na Dong-ho akakimbia. Aliuachia mkono. Anapanga maiti za watu kwa sababu ya ile moja anayoitafuta. Mwandishi hakumwonea haya mtoto aliyeuawa na serikali, akaandika na la kwake. Hilo halikuwasafisha askari hata kidogo. Limefanya kifo chake kiwe cha mtu.

Na mambo haya hayazeeki. Usiku wa tarehe 3 Desemba 2024 rais mwingine wa Korea, Yoon Suk Yeol, alitangaza utawala wa kijeshi. Watu wakakimbilia bungeni, wabunge wakaingia wakalifuta tangazo kabla ya alfajiri, na siku saba baadaye Han Kang alikuwa Stockholm anapokea tuzo. Yoon aliondolewa madarakani Aprili 2025. Siwezi kusema watu walitoka usiku ule kwa sababu ya riwaya. Ila wengi wao walikuwa wanajua Gwangju ilikuwa na nini ndani, siyo tarehe tu.

Nirudi Mara, kwa mswada wa tatu, ule wa kifo cha Mwalimu. Mwaka jana tulikwenda Butiama wote sita, gari mpaka Makutano kisha bodaboda, kuona makumbusho na kaburi pale Mwitongo. Mwenzetu alitaka mandhari. Katika mswada wake mhusika mkuu anasikia habari tarehe 14 Oktoba 1999, na analia mpaka maziko ya tarehe 23, kurasa kumi na nne. Nilimwambia machozi hayo ni mengi, akaniambia mimi sina moyo. Leo nadhani tatizo siyo wingi wa machozi. Ni kwamba huyu anayelia hana lolote kati yake na marehemu. Hajawahi kumpenda akamkasirikia.

Na hapo ndipo sisi watu wa mkoa huu tuna kazi ngumu kuliko wengine. Aliyesema vijijini ni amri alikuwa mtoto wa Butiama. Ukiandika 1974 ukiwa Mara huwezi kujificha kwamba amri ilitoka Dar es Salaam kwa watu tusiowajua. Wengi wetu tukifika hapo tunaandika "viongozi wa chini walipotosha", tunapita. Huenda walipotosha kweli. Lakini ni kina nani? Mwalimu mwenyewe, ajabu yake, alitufundisha jambo hili kwa mkono wake. Alitafsiri tamthiliya ya Shakespeare juu ya kuuawa kwa Julius Caesar, ikachapwa 1963, yeye akiwa Ikulu, akaja kuirudia 1969. Mtawala wa nchi anakaa usiku anatafuta Kiswahili cha marafiki wanaomchoma kiongozi wao visu! Januari 1964 askari wake wenyewe wakaasi. Katika tamthiliya ile hakuna "Kaizari aliuawa" na basi. Kila kisu kina mkono na kila mkono una jina, Casca anaanza, Brutus anafuata akiwa na sababu zake nzuri kabisa. Mwalimu hakuwaondoa.

Sasa bibi.

Babu alikuwa balozi wa nyumba kumi wa TANU. Agizo lilifika na siku ikatajwa, watu wakasema sawa, na siku ikapita hakuna aliyehama. Mahindi yalikuwa hayajakauka. Akaitwa, akaambiwa aanze na nyumba yake, la sivyo itaeleweka anapinga. Asubuhi akaja na shoka. Bibi alikuwa amebandika uji, shangazi yangu mkubwa yuko mgongoni. Babu hakusema kitu. Akang'oa mlango kwanza, kwa sababu ulikuwa wa mbao na fundi wa Bunda alikuwa bado anadai, akauegemeza kwenye mti. Kisha akaingia ndani akakata nguzo ya kati.

Nyumba ya pili ilikuwa ya rafiki yake, rika lake, waliotahiriwa siku moja. Mwenyewe alikuwa amesafiri. Mke wake alikuwa na mtoto wa siku tatu. Babu akamwambia shemeji toka nje, na shemeji akatoka. Jioni mvua ikanyesha. Mtoto alikohoa msimu mzima, akapona, sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu. Lakini baba yake hakula tena kwetu. Kwenye sherehe alikuwa anakaa upande wa pili. Babu alipokufa 1991 alikuja na jembe lake, akachimba kaburi toka mwanzo mpaka mwisho, akanawa mikono, akaondoka kabla ya chakula.

Bibi alinieleza haya bila kupunguza mwendo wa choroko. Ukutani nyuma yake kuna picha ya Mwalimu, imefifia. Oktoba 1999 alipanda lori kwenda Butiama kumzika, akalia, na ukimwuliza leo atakwambia hajapata kiongozi kama yule. Mimi nilikuwa natafuta namna ya kuyalinganisha mambo haya mawili kwenye riwaya, moja lilishinde jingine. Yeye anakaa nayo yote chumba kimoja.

Nikamwuliza, bibi, niandike?

"Ukiandika, weka na uji wangu uliomwagika. Ulikuwa wa ulezi."

"Na yule mzee?"

"Yupo. Haoni, lakini masikio mazima. Si nyumba ya tatu hapo? Mpelekee umsomee."

Sikwenda siku ile, nilisema gari litaniacha. Sura ya tatu nimeshaiandika upya mara nne. Redio nimeitoa, lori nimelitoa, upepo nimeuacha mstari mmoja. Katika mara ya kwanza babu analia anapokata nguzo, nikafuta, maana bibi hakusema alilia. Katika mara ya pili analazimishwa na mtu mwenye bunduki aliyesimama nyuma yake, nikafuta hilo pia. Mlango ule bado upo, wamefungia banda la kuku, na juu karibu na bawaba kuna alama ya shoka lililoteleza. Nimeipima kwa rula: sentimita tisa.

Jumamosi ijayo wenzangu wasinisubiri Mwigobero. Nakwenda Nyamuswa na daftari.